Hatua Kumi na Moja

Akiba ya hija tuliiweka katika kopo la kahawa,
noti za yuro tano tano, zimekunjwa kama barua za siri:
siku thelathini na tatu kwa miguu, hadi kule Hispania
alikolazwa mtume.
Jernej alishanunua viatu. Mimi nilishachukua kijitabu cha mihuri,
kile kinachogongwa kila kituo, kushuhudia kwamba ulipita.

Kisha Brina akaja, wiki tano kabla ya siku zake,
kilo mbili kasoro, amekunja uso kama hakimu.
Kopo likawa maziwa. Kopo likawa kodi ya nyumba.
Viatu vikabaki mlangoni, vipya, vikitutazama.

Mama mkwe alinuna: Brina ni jina la mreteni,
si la mtakatifu yeyote anayemfahamu yeye.
Paroko akachomeka Ana katikati, maji yakamwagwa,
mtoto akapiga chafya, ugomvi ukaishia hapo.

Twakaa Ljubljana, ghorofa ya nne, bweni la wanafunzi wenye ndoa.
Kutoka jikoni hadi dirishani ni hatua kumi na moja.
Nazijua. Nimezihesabu saa nane za usiku,
mtoto begani, daftari la magonjwa ya ng'ombe mkononi,
nikikariri: homa ya maziwa, upungufu wa kalsiamu,
Salamu Maria, umejaa neema, tumbo la nne la ng'ombe,
hata nisijue lipi naliomba
na lipi nalisahau.

Jernej hulala kwenye tendo la tatu la rozari.
Kila mara la tatu. Yesu anazaliwa, yeye anakoroma.
Usiku mmoja nilimdunga kiwiko.
Akasema, macho yamefumbwa: "Hata Yosefu aliambiwa usingizini."
Nilikasirika mpaka asubuhi, kwa kukosa jibu.

Na niseme kweli: yalikuwapo majuma sikuamini kitu
ila nepi iliyokauka.
Nilikwenda Misa kwa kuwa miguu ilizoea
na kanisani kuna joto.

Yeye ndiye aliyeanza kugonga.
Kliniki ya chanjo: muhuri.
Maktaba, kitabu kimechelewa, faini yuro nne: muhuri.
Ofisi ya mitihani, siku niliyofeli anatomia: muhuri,
akanibusu mbele ya karani.
Fundi viatu. Duka la dawa. Posta.
Kijitabu kikajaa vituo ambavyo hujaji mwingine hajavipita.

Mwezi wa tano tulifika mahali.
Si Hispania. Treni ya polepole hadi bonde la Soča,
kisha mlima wa Sveta Gora, mtoto mgongoni kwa baba,
viatu vipya vikimtafuna visigino.
Pale Solkan alisimama nusu saa nzima mbele ya daraja la reli,
tao moja la mawe juu ya mto wa kijani,
akinieleza kuwa kila jiwe linataka kuanguka
na jirani yake halimpi nafasi.
Anasomea madaraja. Nilidhani anazungumzia madaraja.

Juu, mtawa mzee mwenye makombo ya mkate kifuani
alivaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa
kama injili ambayo hakuifundishwa:
chanjo, maktaba, anatomia, dawa ya kikohozi.
Nilingoja acheke.
"Huu wa anatomia," akauliza, "mtihani uliurudia?"
"Niliurudia, Padre."
"Vema."
Akatafuta nafasi. Nafasi haikuwapo.
Akagonga juu ya doa la maziwa.

Treni ya kurudi ikatuacha.
Tukakaa kwenye benchi la stesheni na nusu mkate,
Brina akitafuna pembe ya kijitabu
mpaka akaimaliza Posta yote.
Giza likaingia. Jernej akavua viatu, akatoa rozari.
Tendo la kwanza. La pili.
Nikamvizia kwenye la tatu, kiwiko tayari,
na sauti yake ikapita pale, wazi, haina haraka,
na ya nne sikuisikia:
mimi ndiye niliyelala.