Mizani ya Honnekadu

Baba yangu, Kuttappa, alikuwa karani wa mizani.
Jina lake walilitaja kama wanavyoitaja mvua:
kwa kutazama juu kwanza.

Januari, milima ya Kodagu. Ukungu haujabanduka migrevileani,
mipilipili manga imeng'ang'ania vigogo kama deni,
na wachumaji wanateremka na buni,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Gunia linaning'inia kwenye ndoano. Sindano inatetemeka.
Baba anasoma, kisha analitoa neno lake:
"Umande."
Kilo mbili zinafutika.
Kila gunia. Kila siku.
Hata jua la Machi likipasua udongo: umande.

Nisiseme uongo, shamba lilitulea.
Barabara ni yake, king'ora chake ndicho saa yetu.
Mama yake Chatha alipofariki
mbao za jeneza zilitoka karakana ya shamba,
na bei ya mbao ikatoka kwenye mshahara wa Chatha.
Ndovu walipokuja usiku kufuata mafenesi
sote tulikimbilia ghala moja, bwana shamba na mchumaji,
tukapumua woga mmoja gizani.
Kulipokucha, kila mtu na mlango wake.

Usiku ule Choomi alijifungua kabla ya miezi kutimia.
Jumapili; zahanati imefungwa, jipu limekwenda Mysuru.
Mkunga akasema, lazima nijue uzito wake.
Ghala likafunguliwa. Ndoano ikapanguswa kwa maji moto.
Walimlaza ndani ya gunia jipya lililotandikwa sari,
nami nikashika taa.

Sindano ilicheza, ikatulia.
Mbili.

Hakuna aliyekohoa. Wanawake wote
walikuwa wanautazama mdomo wa baba.
Mtoto alikuwa bado hajakauka.

Baba alifungua daftari lilelile,
akalitafuta jina la Choomi,
kalamu ikapita safu ya mavuno, ikapita safu ya malipo,
ikasimama kwenye safu ya makato,
ikasimama sana.
Kisha akalifunga bila kuandika.

Siku hizi nami nahesabu mizani, zile za mshororo,
na mkono wangu ni mwepesi wa kupunguza.
Mtoto aliishi. Anaitwa Bolli, anaendesha trekta.

Jumatatu ile, king'ora kilipolia,
baba alisimama penye ndoano, macho mekundu.
Gunia la kwanza likapanda.
"Umande," akasema.
Akafuta kilo moja na nusu.