Kumbukumbu za Kikao, Mtaa wa Aggrey

Tulikuwa saba, ghorofani,
juu ya duka la vioo vya simu.
Feni ilizunguka kama mtu anayekataa jambo.
Mimi ndiye katibu: naandika kinachosemwa,
na kinachosemwa hakikai kwenye mstari.

Ajenda ilikuwa moja: Kibaba,
programu ya kuhesabu dawa za zahanati,
aliyoianza Tunu Kikoti miaka sita iliyopita
baada ya dawamseto kuisha Mbagala
huku daftari likiendelea kusema zipo.
Akaiacha wazi, msimbo wake wote,
kama mlango wa jirani siku ya msiba.

Sasa kampuni moja ya Masaki imeichukua,
imeipaka zambarau, imeipa jina la Kizungu,
inaiuza kwa hospitali za watu wenye bima.
Halali kabisa. Leseni inaruhusu.
Hilo ndilo lililotuuma: hatukuibiwa.

Ndimbo alisimama kabla ya kupewa nafasi.
"Tubadilishe leseni leo. Anayeuza, alipe.
Mnalima, wengine wanavuna,
nyie mnabaki kusifiwa jembe."

Mwinchande akajibu polepole, kwa sauti ya mtu
aliyekwisha kubishana na jambo hili peke yake usiku:
"Kufuli halimjui mwizi. Na mgeni atalala nje.
Yule kijana wa Songea aliyetuletea sehemu ya chanjo,
naye aje na wakili?
Tulisema huria. Neno tulilichagua wenyewe."

"Hata soko ni huria," akasema Ndimbo.
"Waulize waliokuwa na kazi viwandani."

Hapo niliweka kalamu chini.
Nasikia ziko lugha zenye neno moja tu
kwa kisicho na bei na kisicho na mnyororo,
na wenyewe hugombana miaka nenda rudi kulipasua.
Sisi tulipewa mawili tangu kuzaliwa: bure, na huru.
Tungepaswa kuwa tumemaliza zamani.
Lakini hiyo bure yetu nayo ina pacha wake.

Tunu, ambaye hakuwa ametia neno, akasema:
"Miaka sita nimefanya bure."
Nikamuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu,
bure ya bila malipo
au bure ya bila maana?
Akaniangalia.
"Andika tu bure."

Simu yake ikaita. Nesi Somoe, zahanati ya Rangi Tatu.
"Inaniambia nina paketi hasi kumi na nne.
Mwanangu, nitampaje mgonjwa paketi hasi?"

Tunu akafungua kompyuta juu ya magoti.
Ndimbo alikuwa amefika kifungu cha nne cha leseni mpya,
Mwinchande amefika kwenye utu,
wakarushiana maneno juu ya kichwa chake
naye akienda mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele,
hadi akaliona jiwe:
dawa zilizorudishwa. Alama moja.
Kutoa, mahali pa kujumlisha.

LUKU ikaisha.
Feni ikaacha kukataa.

Tukapiga kura kwa mwanga wa skrini yake.
Watatu kwa watatu.
Wa saba alikuwa yeye,
na yeye alikuwa anapandisha marekebisho kwa bando la simu.
"Subirini," alisema. "Asilimia themanini."

Jumatatu ile ya zambarau nayo ilikuwa imepona.
Hawakusema asante; asante haimo kwenye leseni.
Somoe alituma ujumbe:
Sasa naona kumi na nne. Ni kweli, nimezishika.

Kura ya saba bado haijapigwa.
Nimeiachia nafasi pembeni mwa ukurasa,
imeshaanza kupata doa la chai.

Mengineyo:
umeme wa elfu kumi.
Alilipa Ndimbo.
Amekataa kurudishiwa.