Penye Fa

Laki tatu na themanini. Nimezihesabu chooni stendi,
mlango nimeubana kwa goti.
Miezi kumi na mmoja ya kupakia machungwa Muheza
imekaa ndani ya soksi, inanuka mguu wangu.

Ngamiani, dukani kwa Mhina, natolewa kipya:
taa kama ukumbi wa harusi, midundo mia sita,
hapa anabweka mbwa, hapa inapita helikopta.
"Vijana wenzako wote wanachukua hiki."
Nami natafuta ile sauti ya katikati,
isiyo kwenye cheupe wala kwenye cheusi,
anamotulia shangazi Mwanakombo akivuta neno.
Hakina.
Kina helikopta.

Chini ya kaunta, kwenye gunia la mchele,
kuna cha zamani. Fa ya juu imekufa,
kirungu cha sauti ni kizibo cha soda kilichogundishwa.
Nikakiwasha, kikakohoa.
Nikaishusha mi kwa robo. Ikashuka,
taratibu, kama mtu anayekaa mkekani msibani.

Ndani yake mmebaki mdundo mmoja: RUZUNA 3.
Besi, dumbaki, vinanda vya nyuma,
halafu kipande cha nane, kimya.
"Mwenyewe alikiuza kwa haraka," anasema Mhina.
"Futa, upate nafasi."

Laki tatu na nusu. Elfu thelathini, adapta.
Hadi Mabawa, miguu.

Usiku umeme umerudi. Nampiga Ruzuna
mpaka pale alipoachwa,
vidole vinaning'inia.
Sijafuta. Kumalizia pia sijathubutu.
Penye fa naimba mwenyewe.