Mizani Saba

Bi Barke Shekuwe hakuyaamini masikio yangu,
aliamini vidole vyake.
Akavua hedifoni, akaipakata kama paka,
akahesabu upya juu ya goti:

Chumba hiki cha … daka,
naliingia kwa … ka,
jasho liki … ndoka,
hina … chi mkononi.

"Saba. Saba. Sita. Saba.
Mimi sijatunga saba tangu nivunje ungo.
Mashine yako yala."

Nikaona haya. Ghorofani Mkomani nilikuwa nimefunga madirisha,
nimezima feni ya dari, nimemsihi jirani
asitwange hata iliki mpaka adhuhuri,
na bado kulikuwa na mwizi chumbani.

Nilianza na niliyoyajua.
Nikaongeza bafa, kutoka mia moja ishirini na nane
hadi elfu moja na ishirini na nne:
mapengo yakapungua, hayakwisha.
Nikabadili waya. Nikakata intaneti.
Nikazipangusa kwa spiriti zile pini
ambazo chumvi ya hewa yetu huziotesha ukungu wa kijani.
Nikailaumu stima, nikaing'oa, nikaenda kwa betri.
Pengo.
Nikamlaumu kimoyomoyo na yeye, kwa meno yake mawili.
Hilo sikumwambia.

"Iweke tena," akasema, "nami nitabisha."

Ikalia. Kila silabi ilipoanguka
alibisha meza kwa pete yake ya fedha,
nami, kwa kukosa la kufanya, nikatazama taa.
Ko: taa ya diski ikakonyeza.
Ko: diski tena.
Ko, ko: diski, na simu ya mjukuu wake Lali
iliyokuwa imejilaza ikila chaji
pale pale, kwenye ile habu ya midomo minne
niliyoinunua Langoni kwa shilingi mia tatu
nikajiona mjanja.

Midomo minne, titi moja.
Maikrofoni, diski, simu,
na kijifeni cha kupepea kompyuta ambacho nilikisahau kabisa.
Sauti ilikuwa ikipanga foleni, ikisukumwa,
na sauti haijui kusubiri.

Nikaing'oa kadi ya sauti habuni,
nikapiga magoti, nikapapasa vumbi nyuma ya mashine,
nikaichomeka peke yake
kwenye tundu lililounganika na ubao wenyewe.
Lali akanuna na asilimia yake kumi na moja.

Akasoma upya.
Nane. Nane. Nane. Nane.
Pete haikusema kitu.
Ila alisoma kama mtu anayesoma risiti ya duka,
na nilipomtazama akanyanyua bega:
"Asubuhi nzima, mwanangu. Hata hina yangu imeshakauka."

Ile safi nimeihifadhi, ina jina na tarehe.
Ya kwanza, yenye mapengo, sijaifuta.
Usiku huicheza polepole,
na pale inapokatika huziba kwa mdomo wangu:
vi.
Sha.
Nido.
Mbi.