Mwamba Ukinyamaza

Imekufa tena.
Sisemi "imeharibika"; neno hilo nililitumia
mara tatu za mwanzo, nikiwa bado na adabu.

Jumatatu mkanda. Ulikatika kwa mlio wa kofi,
ukanichapa shavuni mbele ya mteja
aliyekuja kuulizia miguu ya kitanda chake.
Nikaenda Igogo, nikarudi na mkanda wa mashine ya kusaga,
mrefu kwa vidole viwili.
Nikaisogeza mota nyuma, nikapachika kabari ya mninga.
Ikazunguka.
Alhamisi beringi. Ililia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani.
Nikaipa grisi, ikanyamaza, ikala grisi yote, ikalia upya.
Halafu Jumamosi usiku kapasita:
moshi mwembamba, harufu ya sangara wa juzi,
na nyumba nzima giza,
nami nimetoka kununua luku ya elfu tano.

Yote nayaandika kwa chaki nyuma ya mlango,
siku, kifaa, bei.
Minza hupita na ndoo, husoma, hasemi.
Mara moja tu aliichukua chaki
akaongeza mstari wake chini kabisa:
Ada ya Limi, muhula wa pili.

Bwire wa chuma chakavu huja na mizani begani.
Haulizi kitu. Huitazama mashine
kama ndugu wa mbali aliyewahi msiba.
"Kilo themanini," husema, "ukitoa mbao."
Namwambia bado inapumua.
"Wote husema hivyo," na huketi
kunywa maji yangu.

Hapa Mabatini tumejenga juu ya mawe.
Ukichimba shimo la choo, siku ya pili unakutana na jiwe lile lile
lililoanzia sebuleni kwa jirani.
Mashine nimeifunga kwa nati nne kwenye mwamba wenyewe.
Nilitoboa matundu kwa nyundo na tindo, wiki nzima,
nikidhani nimepata sakafu isiyotikisika.
Sikujua kuwa mwamba husikia.

Nyamizi anakaa juu yangu, vidato arobaini vya mawe.
Usiku ule wa kapasita alishuka na kibatari,
mtoto mgongoni, kilio kimemkauka.
Ziwani taa za wavua dagaa zimewaka zote;
upande wetu, kibatari hicho tu.
Hakupiga hodi.
"Baba Limi, imekufa tena?"

Nikadhani amekuja kufurahia kimya.
Nikaanza kuomba radhi kwa kelele za miezi yote.
"Kelele gani?" akasema. "Kwangu kelele hazifiki.
Unafika mtetemo. Vikombe vinanong'ona kabatini,
godoro linakuwa mgongo wa mtu anayetembea.
Shija hajui kulala bila huo.
Tangu nimtoe Bugando."

Nikaazima kapasita ya pampu ya kanisa
(kuazima ni neno tu; mlinzi alikuwa usingizini).
Nyaya mbili, meno yangu badala ya koleo,
Nyamizi ameshika kibatari,
mtoto akinikohoa shingoni.
Nikarudisha swichi kubwa.
Ikaguna, ikasita, ikakubali.

Niliiwasha bila mti.
Hakuna mguu wa kitanda, hakuna patasi,
hakuna randa hata moja lililoanguka.
Uniti zikiteremka,
nami kiganja juu ya jiwe
kama juu ya ng'ombe anayezaa.
Nyamizi alipanda polepole, akifunga mlango kwa goti.
Baada ya muda, huko juu, hakuna tena kilio.
Nikaiacha hadi jogoo wa kwanza.

Asubuhi Minza alikuta mstari mpya mlangoni:
Jumamosi. Uniti nne. Kazi: hakuna.
Akaichukua chaki. Nikangoja afoke, au afute.
Aliandika pembeni, kwa herufi zake za kuinama:
Shija. Kalala.

Jumanne, swichi.