Zamu ya Themanini na Tatu

Temuco. Mvua ya Julai inatwanga mabati,
jiko la kuni linakohoa.
Lientur ana meli moja, walowezi wawili,
dhahabu mia tatu na kumi,
na ramani nyeusi tii kama tako la sufuria.

Anabonyeza. Giza linajikunja:
ufuko, msitu, mto usio na jina.
Kisanduku kinafunguka, aandike alipendalo.
"Ardhi tupu," linasema tangazo. "Yafaa ngano."

Kuyén, mdomo umejaa mkate,
anagusa skrini kwa kidole chenye siagi:
"Na huu moshi je?"

Moshi mwembamba, unene wa unywele,
nyuma ya mlima.
Aliyeuchora labda alikuwa anaua wakati tu.

Kaka anaandika jina la mto wa kwao.
Anafuta.
Anapekua menyu: kuna kujenga, kuna kulima, kuna kuzingira,
hakuna kitufe cha kupiga hodi.

Maliza zamu.
Maliza zamu.

Wapinzani wameshatandika reli.
Walowezi wake bado wamesimama mchangani,
mashoka begani,
wanakula akiba,
macho mlimani.

"Utashindwa," anasema Kuyén,
akivuta kiti karibu.