Alivyotwambia Shaame

Kiingilio elfu mbili, mtoto bure akipakatwa,
na Mize kampakata Salha wake wa miaka tisa,
miguu inaburuza chini.
Ukuta wa skuli ya Utaani umepigwa chokaa juzi,
hapo ndipo watatuonesha Figa la Tatu,
si tamthilia tena, filamu,
saa mbili kwa mpigo, bila kungoja Jumanne.

Jumanne! Nani wa Limbani asiyeijua?
Tukishasali Isha tunajaa kwa Bi Mkasi,
kila mtu na ungo wake,
mikono inachambua karafuu, macho kwenye kioo,
na Salha akilia, sote tunalia,
makonyo yanarudi kwenye karafuu safi.
Asubuhi waume wanagomba.
Wamjulie wapi Salha?

Kisha ile ya mwisho, ya sitini na mbili.
Salha kamkimbia mamaake usiku na sanduku moja,
wiki nzima tunaulizana, atarudi? harudi?
Muziki wa mwanzo ukapiga,
tuk,
Wete nzima giza.
Bi Mkasi akaizaba televisheni kofi, kama kosa lake.

Shaame fundi baiskeli ndiye aliyekuwa na simu yenye chaji.
Akampigia binamu yake Unguja,
akasimama kizani, sikio kwa binamu, mdomo kwetu:
"Anakuja... yupo mlangoni...
mama anainua taa... anamwambia,
mwanangu, wali umepoa."
Vigelegele vile! Majogoo yakawika saa nne za usiku.

Miaka kumi na minne tumeula wali ule.
Mize akazaa, akamwita mtoto Salha.
Watu wakigombana, wakitaka kupatana, huambiana
"wali umepoa," basi, yamekwisha.

Sasa ukuta umewaka.
Mama ni yule yule, alhamdulillahi,
sauti tu imekwaruza.
Nyumba wameipaka rangi ya samli, Bi Mkasi hakuipenda,
kasema kwa sauti.
Mama anatembea na kopo la maji, anatembea,
anafika kaburini, anaumwagia mrehani.
"Salha," anasema, "leo miaka kumi na minne
tangu walipokuleta mlangoni, umefunikwa shuka."

Hata watoto walinyamaza.
Vichwa, kimoja kimoja, vikageuka nyuma
alikokaa Shaame, kofia mapajani.

"Muongo!" Mize kainuka, mtoto kaporomoka.
"Filamu ndiyo iongopayo," kasema Bi Mkasi,
"hawa wameisahau hadithi yao wenyewe."
Mmoja anadai elfu mbili yake.
Vijana, ambao usiku ule hawakuwapo,
wanatupigia miluzi tukae.

Nilimfuata nje. Anatia upepo gurudumu lililojaa.
"Shaame, binamu yako alikwambia nini?"
"Kama ulivyoona. Kaletwa kwenye machela."
"Sasa?"
Akapiga pampu mara mbili, tatu.
"Mamaako alikaa karibu na mlango, ungo hana hata punje.
Nduguyo Mauwa mwezi wa tano yuko Maskati, kimya.
Na kila nikivuta pumzi mamaako ananiuliza,
kesharudi? Kesharudi?
Ungesema nini wewe?"

Mauwa hata leo.
Na mama, mpaka siku anakufa,
alibakisha wali sufuriani kila usiku,
sisi tukidhani ni wa paka.

Nikarudi uani. Elfu mbili si majani.
Mize kanishikia nafasi kwa kanga,
Salha mdogo kesha sinzia, mdomo wazi.
"Ndiyo wamemuua kweli?" kaninong'oneza.
Nikamwambia, wamemuua huko kwao.